Binti yangu kachaguliwa "dramu koo" Marekani, karibu miezi mitatu njiani na watu nisiowajua. Mngemruhusu?

#1 Mama Neema
Habari za jioni wakuu. Niko Ohio mwaka wa kumi na moja sasa, nyumbani ni Moshi. Binti yangu ana miaka 17, anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule. Desemba alikwenda kwenye usaili wa kitu wanachoandika drum corps, wenyewe wanatamka dramu koo, yaani makundi ya vijana ya tarumbeta na ngoma yanayoshindana uwanjani. Juzi barua imekuja, amepata nafasi.

Nilidhani ni mambo ya wikendi. Kumbe kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka wiki ya pili ya Agosti hayupo nyumbani. Mchana mazoezi, jioni mashindano, usiku basi, wakifika wanalala sakafuni kwenye majumba ya michezo ya shule. Ada ni dola elfu tano na kitu, na sisi ndio tunaolipa! Baba yake anasema fursa kama hii hairudi. Mimi nimeuliza swali moja tu: mtoto akiumwa tumbo saa nane usiku ndani ya basi, anamwamsha nani? Hapa nyumbani hakuna aliyenijibu.

Nikaingia mtandaoni kusoma, nikakutana na habari za The Cadets, kundi mojawapo la hizo dramu koo. Usingizi ukakata. Wenye uzoefu, mngemruhusu?

#2 Chalii wa Sakina
Nimekaa paleee.
Ila dada, nilipe zaidi ya milioni kumi mwanangu akalale sakafuni? Mlete huku Arusha, sakafu tunazo na hatutozi.

#3 Besi Namba Nne
Mama Neema hongera kwanza. Usaili wa haya makundi si mchezo, kuna watu wanajaribu miaka mitatu na kila mwaka wanarudishwa.

Mimi ni Mkenya niliyekulia Minnesota. Nilicheza misimu miwili, 2014 na 2015. Jina langu la hapa ni ngoma niliyobeba. Ngoma za besi huwa tano, kila moja na sauti yake, na kila mtu anapiga kipande chake tu. Ni kama watu watano kutamka neno moja, kila mmoja silabi yake. Ukichelewa wewe, neno limeharibika na uwanja mzima umesikia.

Siku inakwenda hivi. Basi linafika saa tisa, saa kumi usiku. Mnashuka kama mizigo, kila mtu na godoro lake la upepo, mnatandika kwa mistari. Mkiamka chai, halafu kiwanjani mpaka jua liwachoke. Mnakula mara nne kwa siku, chakula kinapikwa kwenye trela na wazazi waliojitolea. Kila mtu ana dumu la maji la galoni moja, jina lake limeandikwa kwa kalamu nene kwenye mkanda mweupe wa gundi. Ukitokea kiwanjani bila dumu unarudishwa, hata kama ni wewe unayesubiriwa.

Sasa swali lako la saa nane usiku. Mwaka wa kwanza basi letu lilikuwa na mama mmoja mtu mzima, si mwalimu wa muziki, kazi yake ni sisi tu. Kiti cha mbele, mfuko wa dawa miguuni. Mwaka wa pili hakuwepo. Tukaambiwa kiongozi wa safu ndiye msimamizi. Kiongozi wa safu alikuwa na miaka 20. Kundi ni lile lile, basi ni lile lile. Kwa hiyo kuniuliza mimi kama dramu koo ni salama hakutakusaidia. Waulize hao hao, mwaka huu, nani anakaa kiti cha mbele.

#4 Chalii wa Sakina
Mmeshasema koo mara tatu. Wanapiga ngoma au wanaimeza?

#5 Besi Namba Nne
@Chalii, hiyo p na s zinaandikwa tu, hazitamkwi. Ukizitamka zote utakuwa umesema maiti kwa Kiingereza.

#6 Mdau wa Alama
Hatimaye uzi wangu umefika! Mimi niko Mwanza, Marekani sijakanyaga, lakini kila Agosti naamka alfajiri kusubiri matokeo ya fainali. Kule wanatangaza karibu saa tano usiku, huku kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu ameshazoea, anajua siku hiyo maandazi naenda kununua mwenyewe.

Kwa wasiojua: chama kinaitwa Drum Corps International (DCI), kilianza 1972. Fainali ni uwanja wa Lucas Oil, Indianapolis, kila mwaka tangu 2009. Alama ni 100: 40 za mvuto wa jumla, 30 za mwonekano, 30 za muziki. Mabingwa wa kudumu ni Blue Devils wa Concord, California, mataji 20. 2025 wamechukua Boston Crusaders kwa mara ya kwanza, timu ya mwaka 1940. Nililia, sioni aibu kusema.

Mama Neema, usiogope. Watu wanaoweza kuwapanga vijana 150 na zaidi uwanjani, hatua kwa hatua, wakaachana kwa moja ya kumi ya alama, hawawezi kushindwa kumlinda mtoto mmoja. Nidhamu hiyo hiyo.

#7 Mzee wa Bendi
@Mdau wa Alama umejitahidi, ila nikusahihishe kidogo. Chama kiliundwa 1971. Mwaka 1972 ni ubingwa wa kwanza, pale Whitewater, Wisconsin, na walioshinda ni Anaheim Kingsmen. Blue Devils wana 21, umeisahau 2023. Na "kila mwaka" si kweli: 2020 hakukuwa na msimu kwa sababu ya korona, na 2021 walikutana bila kupewa alama.

Asili yake ni vyama vya askari wastaafu, American Legion na VFW, baada ya Vita ya Kwanza. Walikuwa na mabaragumu na ngoma, wakaanzisha vikundi vya vijana mitaani. Mashindano yalikuwa chini ya wazee hao mpaka viongozi wa vikundi wenyewe walipochoka kupangiwa sheria na malipo wakajitoa. Mbele walikuwepo Don Warren wa Cavaliers na Jim Jones wa Troopers.

Tena usichanganye na bendi ya shule, hakuna filimbi wala klarineti humu. Ni vyombo vya shaba, ngoma, na wale wa bendera na bunduki za mbao. Mpaka 2000 hata shaba zote zilikuwa za ufunguo mmoja wa muziki, G.

#8 Chalii wa Sakina
Jim Jones yule mchungaji wa sumu, wa Guyana??? Mama Neema usimpeleke mtoto.

#9 Mzee wa Bendi
Wa Casper, Wyoming wewe. Majina yanafanana tu.

#10 Skauti Mstaafu
Nimesoma #6 mara mbili na bado napingana naye. Kupanga mistari ni kazi nyingine na kulea ni kazi nyingine. Nimeongoza vijana miaka 22, na watu hatari niliowahi kukutana nao wote walikuwa wanajua kupanga mistari.

Miaka ya tisini, kikundi kimoja sitakitaja, palikuwa na mwalimu wa ngoma hodari kuliko wote mkoani. Tulikuwa tunashinda. Akaanza kuwachukua vijana wawili watatu kwake jioni, eti mazoezi ya ziada. Wazazi walikuwa wanampelekea kuku kwa shukrani. Nilikuwa msaidizi, nikaona, nikasema labda nina wivu. Siku mama mmoja alipokuja analia ofisini ndipo nikajua kumbe na wasaidizi wengine wawili walikuwa wameona, na kila mmoja alijiambia yale yale niliyojiambia mimi.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni mbili tu. Mtu mzima mmoja na mtoto mmoja hawakai penye mlango uliofungwa. Na mtu mzima hamtumii mtoto ujumbe ambao mzazi hawezi kuusoma. Sijali ana mataji mangapi.

#11 Wakili wa Mtaani
Hapo #10 umefika kwenye The Cadets bila kuwataja. Kwa wasiofuatilia: kundi la 1934, New Jersey, mataji 10 ya DCI. Aprili 2018 gazeti la Philadelphia Inquirer likachapisha madai ya wanawake tisa dhidi ya mkurugenzi wao, mtu aliyekaa madarakani zaidi ya miaka 30. Akakanusha, akajiuzulu. Miaka sita baadaye, Aprili 2024, kundi likatangaza kufunga na kufilisika, na safari hii ilikuwa kesi nyingine, inayohusu tukio la miaka ya 1980.

Kwa hiyo vijana wa 2024, ambao hata wazazi wao huenda walikuwa watoto wakati huo, ndio waliokosa kundi. Naomba tujadili: kosa la nani?

#12 Mdau wa Alama
Fedha. Haya makundi yote yanaishi kwa kubangaiza. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa 2018, hawakutoka msimu wa 2023 kwa sababu ya hesabu. The Cadets kesi iliwakuta mfuko umeshatoboka.

#13 Wakili wa Mtaani
Fedha ni dalili. Bodi ililala. Mkurugenzi akikaa miaka 30 bodi inakuwa ya marafiki zake, na anayelalamika anapeleka malalamiko kwa mlalamikiwa. Ongeza na sheria: New Jersey ilifungua dirisha la miaka miwili kuanzia Desemba 2019, kesi za zamani zilizokuwa zimepitwa na muda zikaruhusiwa, na muda wa kufungua kesi ukarefushwa. Majimbo mengine nayo yamefanya vivyo hivyo. Taasisi nyingi za vijana zilikuwa zimekalia siri kwa kuamini muda umeshapita.

#14 Besi Namba Nne
Zote ni kweli lakini mliokuwa nje hamlioni la ndani. Ni kile kiwanja chenyewe. Kila kijana ana doa lake, yaani nafasi yake katika mchoro. Ukiumwa, doa lako linabaki tundu na watu 150 wanaliona. Ukilalamika, kuna watu nyuma yako wanasubiri hilo doa. Mimi nimecheza wiki mbili na kidole kilichovimba, sikumwambia mtu, na hakuna aliyenilazimisha. Sasa kama kidole nilificha, mambo mengine je?

Na hili niliseme. Msimu wangu wa pili palikuwa na msaidizi mmoja anawaandikia wasichana wadogo usiku. Siku moja hatukumwona tena kwenye kifungua kinywa. Hakuna tangazo, hakuna maelezo. Kiangazi kilichofuata nikamwona kwenye picha, amevaa fulana ya kundi jingine.

#15 Madam Pili
@14 hilo la fulana nyingine limenichoma. Huku kwetu linaitwa uhamisho.

#16 Mzee wa Bendi
Kwa haki tu, mambo yamebadilika kidogo. Baada ya 2018 DCI walikaza kanuni za mwenendo, na makundi yanatakiwa kuchunguza historia ya watu kabla ya kuwaajiri. Ingawa uchunguzi wa polisi unamkamata aliyeshtakiwa tu. Yule wa fulana angepita vizuri kabisa.

#17 Mdau wa Alama
Nakubali nilikosea #6. Ila sasa mnanifanya nijione mshirika wa dhambi kwa sababu tu naangalia. Nafuatilia alama, sifuatilii vyumba.

#18 Madam Pili
Ndugu Mdau, hakuna aliyekuita mdhambi, kanunue maandazi. Ila ukae ukijua, mwalimu anayeshinda huwa analindwa na makofi. Mimi mwenyewe nimepiga.

Nifunguke. Nafundisha sekondari, nimesafiri na wanafunzi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mara nne. Watoto wanalala madarasani, magodoro chini, hiyo ya Mama Neema siyo ngeni kwetu hata kidogo. Safari ya kwanza tulikuwa walimu sita, wa kike mimi peke yangu, wasichana 38. Nililala mlangoni. Simaanishi karibu na mlango, nilitandika kitenge kwenye kizingiti, anayetoka kwenda chooni ananiruka. Mwenzangu mmoja akacheka akasema madam umekuwa komeo.

Kesho yake mchana, jua la saa nane, kiongozi mmoja akatoa amri maji ni baada ya zoezi, ili wakomae. Msichana akaanguka. Nilimkuta midomo myeupe, ulimi umekauka kama gome, na bado ananiambia "madam nisamehe". Mimi ndiye niliyepaswa kuomba samahani, maana amri niliisikia nikanyamaza, kiongozi ni mkubwa kwangu kicheo.

Kwa hiyo dumu la galoni la Besi nimelipenda kuliko mataji yote mliyotaja.

#19 Skauti Mstaafu
Komeo, heshima yako.

#20 Mwana wa Lamu
Assalaam aleikum. Nimewasoma tangu juzi nikicheka kimoyomoyo, mnazungumza kama kwamba Mmarekani ndiye aliyevumbua kushindana kwa ngoma na tarumbeta. Beni mmeisahau? Huku kwetu pwani zilianza miaka ya 1890, neno lenyewe ni bendi. Mombasa walikuwa na vikundi vya Kingi na Skochi. Kisha zikaja Marini na Arinoti, zikaingia Tanganyika, na Vita ya Kwanza ikazibeba pamoja na askari na wapagazi mpaka bara ndani. Sare, vyeo, gwaride, na kupimana nguvu mpaka mtu auze shamba. Hapa Lamu mtaa na mtaa, Mkomani na Langoni, hawakuhitaji jaji wa alama 100.

#21 Chalii wa Sakina
Shehe umewamaliza. Na ile marimba wanayopiga mbele ya uwanja nayo jina si letu? Nimeona video, wanasema "marimba" hivyo hivyo. Tudai mrabaha.

#22 Mzee wa Bendi
Neno ni la Kibantu, ndiyo. Chombo kilivuka bahari na watumwa, kikatengenezwa upya Amerika ya Kati na baadaye Marekani. Mrabaha utasubiri.

#23 Wakili wa Mtaani
@Mwana wa Lamu, raha ya historia tumeipata, lakini kwenye beni nani aliwajibika kijana akiumia?

#24 Mwana wa Lamu
Swali zuri. Chama ndicho kilichomzika mtu, kikamuuguza na kumpokea mgeni aliyefika mjini hana jamaa. Mwenye cheo kikubwa alitoa mfukoni. Lakini tusidanganyane, beni ilikuwa ya watu wazima, na waliokuwa wakitazama walikuwa ni mama zao, shangazi zao, majirani. Kiongozi akikosa adabu, habari imefika nyumbani kabla ya yeye kuvua viatu. Nadhani ndiyo tofauti. Hawa wa Mama Neema wanalala mji mpya kila usiku, hakuna shangazi wa kuwaona.

#25 Besi Namba Nne
"Hakuna shangazi." Yule mama wa kiti cha mbele ndiye aliyekuwa shangazi. Nimeelewa leo, miaka kumi baadaye.

#26 Wakili wa Mtaani
Bado naona ni bodi. Shangazi bila mamlaka ya kumfukuza mtu ni mtazamaji tu.

#27 Skauti Mstaafu
Na bodi bila shangazi haijui limfukuze nani.

#28 Madam Pili
Haijui *imfukuze* nani, mzee. Bodi ni hii, si hili.

#29 Skauti Mstaafu
Madam nisamehe.

#30 Mama Neema
Wakuu asanteni, nimesoma post zote mpaka macho yanauma. Mrejesho.

Jana nilipiga simu kwa hao watu. Nilikuwa nimeandika maswali kwenye bahasha ya bili ya umeme. La kwanza, nani analala wapi. Dada aliyepokea alijibu bila kusitasita: wasichana na wavulana kumbi tofauti au pande tofauti, walimu chumba chao mbali, na usiku wasimamizi wawili wako macho kwa zamu. La pili, ujumbe wa simu. Akasema hakuna mwalimu kumwandikia mtoto peke yake, ni kwenye kikundi chenye watu wazima wawili au kupitia kwetu wazazi. Mzee Skauti, nikakukumbuka. La tatu maji na joto, akanitajia dumu kabla sijauliza!

La nne ndilo la Besi. Nikamwuliza, kwenye basi la binti yangu, nani anakaa kiti cha mbele? Akanyamaza kidogo. Akasema mabasi ni manne, wasimamizi waliothibitisha mpaka sasa ni watatu, wanatafuta wa nne, atanipigia.

Nikamwuliza na la tano, lile la fulana: mtu akiondolewa kwenu, kundi linalofuata linaambiwa na nani? Hapo akasema atalipeleka kwa mkurugenzi.

Baba Neema ananisikiliza kutoka jikoni, anasema kama wanatafuta msimamizi wa nne si niende mimi. Anadhani ni utani. Nina likizo ya wiki tatu sijaitumia.

#31 Chalii wa Sakina
Wiki tatu mbele ya basi na mfuko wa dawa. Na wewe utalala sakafuni, kwa pesa yako mwenyewe.

#32 Mama Neema
Nimezaliwa Moshi, sakafu naijua. Hofu yangu ni Neema. Nimemwambia jioni hii, amefunika uso kwa mto na hajanisemesha mpaka sasa.

#33 Besi Namba Nne
Atakuchukia Juni yote. Chukua dumu lako mwenyewe, la mtoto usiliguse.

#34 Mdau wa Alama
Dada ukienda utuwekee picha. Na kama mtapita karibu na Blue Devils, mimi navaa saizi ya kati.

#35 Madam Pili
Mama Neema, wakikupigia kuhusu hilo la tano urudi hapa utuambie. La nne naona umeshalijibu mwenyewe.